Soko Kuu la Chifu Kingalu: jina limetoka mlimani, je wenye mlima wamo?

Haya wadau wa Mji Kasoro Bahari, na nyie mnaopitaga tu na mabasi ya bara, leo tuongelee soko kuu la Morogoro. Wengi tunasema "naenda sokoni", basi. Ila jina lake kamili ni Soko Kuu la Chifu Kingalu. Muulize kijana wa mjini Kingalu ni nani, utaona anavyotoa macho.

Tuanze mbali kidogo. Karne ya 19 hapa palikuwa na mji wenye ukuta wa mawe, Simbamwene, ulioanzishwa na Kisabengo. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa na kutozwa hongo. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuta mtawala ni mwanamke, binti wa Kisabengo. Kwa hiyo Morogoro kuwa mji wa wapita njia si jambo la jana.

Mwaka 1907 reli ya Wajerumani kutoka Dar ikafika. Hapo mazao ya milima ya Uluguru yakapata njia ya haraka ya kwenda pwani. Upande wa Kinole na Matombo kuna ndizi, mananasi na viungo kama mdalasini na pilipili manga. Mgeta, kwenye baridi, ndiyo nyumbani kwa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo. Vijijini mzigo unauzwa kwenye gulio, siku maalumu za wiki, halafu unashuka mjini, na mwingine unapitiliza mpaka Dar.

Mzigo huo una jasho, jamani. Sehemu nyingi gari halifiki, mama anashuka na tenga kichwani. Na kwa mila za Kiluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo usimchukulie kama kibarua tu, mara nyingi anauza mazao ya ardhi ya ukoo wake. Waingereza walipowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, mwaka 1955 Waluguru waligoma, ikawa vurugu na mtu akauawa. Mpango ule ukafa.

Sasa Kingalu. Hilo ni jina la cheo, linarithiwa katika ukoo wa watawala wa Kinole, waliosifika kwa kuomba mvua. Serikali ilifuta uchifu kisheria mwaka 1963, lakini kimila jina halikufa.

Soko la zamani lilivunjwa, wafanyabiashara wakahamishwa kupisha ujenzi. Likajengwa jengo jipya la ghorofa kwa zaidi ya shilingi bilioni 17. Tarehe 11 Februari 2021 Rais Magufuli alilifungua na kulipa jina la Chifu Kingalu. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, tarehe 17 Machi, akafariki.

Binafsi jina nimelipenda. Mji umekiri kwamba unakula kutoka mlimani. Ila jina peke yake halitoshi. Jengo la ghorofa lina vizimba, na kizimba kina kodi ya kila mwezi. Mwenye duka la nguo anaiweza. Je, mama wa Kinole mwenye mikungu miwili ya ndizi, anayetaka kuuza asubuhi na jioni arudi kwake? Yeye hahitaji kizimba cha mwaka mzima. Anahitaji mita moja ya sakafu, kivuli, choo na ushuru wa siku unaoeleweka. Akikosa hapo ndani atapanga chini barabarani, halafu tutamwita mchafuzi wa mji.

Soko lenye jina la mtu wa mlimani likimweka nje mtu wa mlimani, tutakuwa tumebaki na kibao tu. Wadau mnaolijua soko hili, mnasemaje?