Kombe wa Maji Baridi Kabla ya Bahari ya Tanga

Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, humfanya mtu aamini kwamba bahari imekuwapo hapa tangu azali. Msikiti na makaburi ya nguzo yamejengwa kwa matumbawe; litazame jiwe moja kwa karibu, utaona vitundu walimoishi viumbe wa baharini. Lakini mwamba huo ni mchanga kiumri. Wapo kombe wa kale waliokufa kabla maji ya chumvi hayajafika, nao ndio wanaonifanya nidai kwamba pwani hii ilikuwa bara.

Mjiolojia G. M. Stockley alichunguza mashapo ya makaa ya mawe ya Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, na mwaka 1932 L. R. Cox wa London akachapisha maelezo ya kombe wa huko. Mwaka 1936 aliwaeleza kombe wa Tanganyika na wa Madagaska katika makala moja. Jenasi mojawapo inaitwa Kidodia, jina linalotukumbusha Kidodi ya Morogoro. Kuwaweka pamoja kulistahili, kwani miamba wanamopatikana, iitwayo Karoo na yenye zaidi ya miaka milioni 250, ilijengeka Madagaska ingali imeshikamana na Afrika. Tabaka za Karoo zipo pia bara ya Tanga, na baada yake ndipo likaja jiwe la chokaa la Amboni, la enzi ya Jura, lililotokana na bahari.

Mpinzani atasema kombe wa mtoni na wa mlango wa mto hufanana, na kwamba tope na mkondo hubadilisha umbo la gamba. Hoja hiyo ina uzito. Nchini Uingereza A. E. Trueman na wenzake walipanga tabaka za makaa ya kipindi cha Karboni kwa kombe wa namna hii, wakilazimika kupima makundi mazima, maana gamba moja halitoshi. Mpangilio wao hatuwezi kuuazima: makaa yetu ni ya baadaye, na kufanana sura si undugu. Ila umri ni swali moja, maji ni jingine, na la maji hujibiwa na majirani wa kombe. Ruhuhu wamo kwenye mashapo yenye makaa ya mawe na majani ya Glossopteris, mmea wa nchi kavu. Matumbawe na amonaiti, viumbe wa baharini, hawamo. Hata kama baadhi yao walistahimili chumvichumvi, hilo halituletei bahari kuu. Kweli Ruhuhu ni mbali na Tongoni, na kombe wake hawathibitishi kila ziwa la Tanga. Wanathibitisha aina ya nchi iliyokuwapo, nayo ilienea hadi huku.