Moto umeunguza kiasi gani? Setilaiti zinabishana

Leo tuongee historia, ila sio ya vita wala wafalme. Ni historia ya kupima moto wa nyika kutoka angani.

Tuanze na mwaka 2000. Kule Ulaya kulikuwa na miradi miwili, GBA2000 na GLOBSCAR, na kila mmoja ulitaka kujua ardhi iliyoungua mwaka huo dunia nzima. Wa kwanza ukapata kilomita za mraba kama milioni 3.5. Wa pili kama milioni 2. Mwaka ule ule, dunia ile ile! Hiyo tofauti peke yake inaimeza Tanzania nzima na chenji inabaki.

Kumbe setilaiti haihesabu majivu. Inapima mwanga unaorudi kutoka ardhini, halafu programu inakisia: hapa pamebadilika ghafla, basi pameungua. Wingu likitanda, haioni kitu. Majani yakichipua mapema, alama inafutika. Moto ukipita chini ya miti ya miombo, matawi yanauficha.

Halafu kuna suala la ukubwa wa jicho. Chombo cha Marekani kinachoitwa MODIS kilirushwa Desemba 1999 kwenye setilaiti ya Terra. Pikseli moja ya ramani zake za ardhi iliyoungua ni mita 500 kwa 500, yaani ekari 60 na ushee. Mkulima aliyechoma ekari zake mbili anapotelea humo humo. Mwaka 2015 Ulaya wakarusha Sentinel-2 ya kwanza, ambayo ramani zake zinafika pikseli ya mita 20. Watafiti walipoitumia kupima moto wa mwaka 2016 Afrika kusini mwa Sahara, wakapata kilomita za mraba kama milioni 4.9, karibu asilimia 80 zaidi ya hesabu ya MODIS. Mioto midogo midogo ilikuwepo siku zote, ila haikuwa na wa kuihesabu.

Sasa inatuhusu nini? Hesabu za hewa ya ukaa inayotokana na moto zinaanzia kwenye ramani hizi, na lawama kwa wakulima na wafugaji wetu nazo zinaanzia hapo hapo. Mtu akikuletea grafu kwamba moto Afrika umepanda, muulize kwanza: moto ndio umeongezeka, au jicho ndio limekuwa kali?

Na sisi walimu watarajiwa, tukiandika namba ubaoni tuandike na kipimo kilichoizaa. Maoni ruksa, jamani.