Foleni ya Kigongo na herufi N

Kabla ya daraja, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kupitia Usagara alijua maana ya kusubiri. Pale Kigongo magari yalijipanga kuelekea maji ya Ghuba ya Mwanza, kivuko kikiwa bado upande wa Busisi. Foleni ilisogea hatua chache, ikasimama, ikasogea tena. Wauza mayai ya kuchemsha, karanga na maji ya chupa walipita katikati ya magari.

Mjomba wangu alikuwa na Toyota IST. Kila foleni iliposimama mkono wake uliitoa gia kwenye D na kuiweka N. Foleni ikisogea, mkono unairudisha D. Nilipochoka kuutazama nikamuuliza:

"Mjomba, mbona unaweka nyutro kila tukisimama?"

"Gari nalo linachoka, mjomba," akanijibu. "Lipumzishe."

Muda mfupi baadaye aliweka nyutro, akageuka kutafuta pochi kiti cha nyuma, na mguu wake ukaacha breki. Breki ya mkono haikuvutwa. Barabara iliinama kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Gari likaanza kwenda bila sauti yoyote. Mama mwenye beseni la mayai kichwani alikuwa ametoka kupita kati yetu na Fuso iliyokuwa mbele. Angechelewa hatua mbili, tungembana miguu. Tulichogonga kilikuwa bampa ya Fuso, na taa yetu moja ikavunjika. Utingo aliruka chini, akatutazama, akatafuta jiwe na kuliweka mbele ya tairi letu. Hakusema neno.

Nasoma historia, na tangu siku ile nimejiuliza ule mkono ulijifunzia wapi.

Ulijifunzia kwenye lori. Mjomba alianza kuendesha miaka ya 1980, akibeba pamba ya Kanda ya Ziwa. Kwenye gari la manyuo, injini na magurudumu huunganishwa na klachi. Ukisimama na gia ikiwa ndani, lazima ukanyage klachi muda wote, la sivyo injini inazimika. Mguu unachoka, na bearing ya klachi inaliwa bure. Kwa hiyo dereva mwenye adabu alitoa gia, akaachia klachi, akavuta breki ya mkono. Hapo nyutro ilikuwa pumziko la kweli, kwa dereva na kwa chombo.

Zama zenyewe zilikazia somo hilo. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, mwaka uleule tuliomaliza vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikawa adimu. Ilifika wakati serikali ikazuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi. Dereva aliyejua kuokoa lita moja alikuwa mtu wa maana. Wengi walijifunza kutoa gia kwenye mteremko na kuliacha gari lijiendee, na waliita ujanja. Kizazi cha mjomba kilijengwa na uhaba huo, na mkono haukusahau.

IST, hata hivyo, ina ukoo mwingine, na ukoo huo ulianzia kwenye meli. Mwaka 1905, Mwanza ikiwa bado chini ya Wajerumani, mhandisi Hermann Föttinger alisajili hataza ya uvumbuzi wake huko Ujerumani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin. Tatizo lake lilikuwa kwamba tabo ya mvuke huzunguka kwa kasi kubwa mno, wakati panga la meli linafanya kazi vizuri likizunguka polepole. Badala ya kuviunganisha kwa meno ya chuma, aliviunganisha kwa kimiminika. Chukua feni mbili, zielekeze uso kwa uso, washa moja. Upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazigusani. Weka maji au oili mahali pa upepo, zifungie ndani ya chombo kimoja, na umepata wazo lake.

Wazo hilo likapanda nchi kavu. Mwaka 1930 Daimler ya Uingereza ilianza kuliuza kwenye magari yake. General Motors ya Marekani ikatoa Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, gia zikawa zinajibadilisha zenyewe. Toyota ikaingia mwaka 1959 na mtambo iliouita Toyoglide. Kufikia mwaka 1991 magari haya yalikuwa mengi Japani kiasi kwamba nchi hiyo ilianzisha leseni ya kuendesha magari ya otomatiki pekee. Wajapani walikubali kwamba hiki ni chombo kingine, kinachofundishwa kivyake.

Kwetu chombo kilikuja bila somo lake. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, ikawaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Miaka iliyofuata mlango ukapanuka, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Yalitufaa kwa sababu Japani nao huendesha kushoto, na usukani uko kulia. Lakini kitabu cha maelekezo, kama kilikuwemo, kiliandikwa Kijapani. Pengo hilo tulilijaza kwa tulichokuwa nacho, yaani mazoea ya lori.

Sasa, je, mjomba alikosea? Nusu alikuwa sahihi. Gari la otomatiki likisimama kwenye D, feni ya injini inaendelea kuzunguka huku feni ya pili ikizuiwa na breki. Oili katikati inasukumana na kupata joto, na injini inakula mafuta zaidi kidogo kuliko ikiwa N. Lakini mtambo ulibuniwa ustahimili hali hiyo. Kwa kusimama kwa dakika moja kwenye taa au kwa trafiki, joto hilo ni dogo na oili hulibeba. Halafu kila ukitoka N kwenda D, klachi zilizomo ndani ya giaboksi zinakamatana upya. Mara moja si neno. Lakini anayefanya hivyo kila hatua tatu, tena akikanyaga mafuta kabla gia haijashika, anaupa mtambo kazi akidhani anaupumzisha. Baadhi ya magari ya siku hizi hata hujilegeza yenyewe yakiwa D na breki imekanyagwa. Dereva hana haja ya kuyasaidia.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye lile neno "pumzisha". Kwenye D gari linataka kwenda, na dereva anajua hivyo, kwa sababu analihisi chini ya mguu wake. Mguu haubanduki kwenye breki. Kwenye N gari limetulia kimya, na ukimya ule unamdanganya. Anageuka, anatafuta pochi, anajibu simu. Kumbe nyutro ni gari lisiloshikwa na kitu. Kinacholishika kwa kweli ni breki, au herufi P, ambayo hufunga mtambo kwa kidole cha chuma. Manyuo haina P, ndiyo maana mkono wa lori haukuwahi kuijua.

Ndivyo ilivyo hata kuteremka na nyutro. Barabara za Isamilo na Bugando zinainama vya kutosha kumfundisha mtu. Ukitoa gia, injini haikusaidii tena kuzuia mwendo, na mzigo wote unaangukia breki. Lita iliyookolewa mwaka 1983 haina thamani ya breki zilizopata moto leo.

Nilipomweleza mjomba haya hakufurahi. Alisema ameendesha miaka mingi kuliko niliyoishi, na ni kweli. Nikamwambia kwa foleni fupi abaki D na mguu kwenye breki. Kwa kusubiri kivuko, P, breki ya mkono, na azime injini. Akasema, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, na foleni ya Kigongo ikawa historia. Tulivuka kwa dakika chache. Mjomba alitazama maji kushoto na kulia bila kusema kitu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya gia muda wote.

Tulipokuwa tunarudi mjini, trafiki akatusimamisha Buhongwa kupisha magari mengine. Mkono ukaondoka kwenye gia. Ukavuta breki ya mkono kwanza. Kisha ukaweka nyutro. Mjomba akanitazama kama anayesubiri niseme neno, nami nikanyamaza.