Kwa nini bei ya petroli hupanda na kushuka

Kwetu Kasongo na Kabambare neno mafuta lina maana mbili. Kuna mawese, ambayo twayajua tangu mchikichi hata chungu. Michikichi ikizaa kidogo bei hupanda, wala hakuna anayeuliza sababu. Kuna na mafuta ya gari, yaani petroli. Hayo hayatoki kwetu, na bei yake ikipanda twamlaumu muuzaji wa chupa kando ya njia.

Babu zetu waliona jambo kama hili katika biashara ya pembe za ndovu. Livingstone alipofika Bambarre mwaka 1869, na baadaye Tippu Tip alipokaa Kasongo, pembe zilinunuliwa huku kwa bei ndogo zikauzwa Unguja kwa bei kubwa. Bei ya Unguja ilifuata matakwa ya Ulaya na Marekani, walikotengeneza vinanda na mipira ya biliadi. Mwindaji wa msituni hakuulizwa neno. Na safari ndefu ya kwenda pwani ilikuwa na gharama yake, tena ililipwa kwa damu ya watumwa, jambo tusilopaswa kulisahau.

Petroli nayo ina bei ya dunia na bei ya njia.

Bei ya dunia huhesabiwa kwa pipa la lita 159. Zamani kampuni chache kubwa za Wazungu ndizo zilizoiamua. Mwaka 1960 nchi tano zenye visima zilikutana Baghdad zikaunda umoja uitwao OPEC. Mwezi wa Oktoba 1973, wakati wa vita na Israeli, nchi za Waarabu zilipunguza mafuta yao; pipa lililouzwa dola 3 hivi likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kwa nini sana hivyo? Kwa sababu mwenye lori hawezi kuacha petroli kwa siku moja, wala kisima hakichimbwi kwa siku moja. Basi upungufu mdogo huleta bei kubwa. Lakini bei kubwa huwatia wengine hamu ya kuchimba, kama walivyofanya Alaska na katika Bahari ya Kaskazini, na wanunuzi hujifunza kubana matumizi. Hivyo mwaka 1986 pipa lilianguka hata dola 10 hivi. Julai 2008 lilifika dola 147. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa chini ya 40.

Sisi tulipigwa mara mbili. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni wapewe raia. Wafanyabiashara wengi waliokuwa na malori wakaondoka. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na serikali ikakosa fedha za kununua petroli na vipuri ng'ambo. Ni kweli kwamba tangu 1975 mafuta hutolewa baharini karibu na Muanda. Lakini hayo huuzwa nje yakiwa ghafi, na petroli ya magari yetu hununuliwa nje kwa dola. Faranga ikishuka, lita hupanda hata kama dunia imetulia.

Na njia je? Reli ya Kindu hadi Kongolo hupita ng'ambo ya pili ya Lualaba, si Kasongo. Katika vita vya 1998 hadi 2003 majani yaliota barabarani, na watu walisukuma baiskeli zenye mizigo kwa siku nyingi. Serikali huweka bei ya petroli kwa kila sehemu ya nchi, lakini pasipo na pampu amri hiyo ina nguvu gani? Lori likizama matopeni, lita hupanda hapa bila Waarabu wala Warusi kufanya lolote.

Tarehe 20 Aprili 2020, magari ya dunia yaliposimama kwa ajili ya ugonjwa, bei ya pipa huko Marekani ilishuka chini ya sifuri. Kabambare hakuna aliyepata lita ya bure. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga huongeza bei yake siku ile ile petroli inapopanda. Ikishuka, hungoja kwanza amalize bidoni aliyoinunua ghali.