Mtu Asiyetazamwa Usoni

Filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa na desturi moja. Mtu mweusi alikuwamo, lakini hakuhesabiwa. Alibeba mizigo stesheni, alifungua mlango, alipiga piano kilabuni, kisha akatoweka. Kanuni za maadili walizojiwekea watengenezaji mwaka 1930 zilikataza hata kuonyesha mapenzi baina ya mweusi na mweupe, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1956.

Ndiyo maana naithamini sana Odds Against Tomorrow ya mwaka 1959. Iliongozwa na Robert Wise, na Harry Belafonte aliitengeneza kwa kampuni yake mwenyewe, tena akaigiza ndani yake. Kwetu Afrika Mashariki Belafonte anakumbukwa pia kwa kuwachangishia fedha, mwaka huohuo, vijana 81 waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani, wengi wao Wakenya.

Katika filamu hiyo watu watatu wanapanga kuiba benki ya mji mdogo. Mhudumu mweusi huwapelekea makarani kahawa na chakula wanapobaki kazini jioni. Johnny Ingram, mwanamuziki mweusi mwenye madeni ya kamari, ndiye atakayesimama mlangoni badala yake. Wezi wanaamini kwamba mlinzi ataona ngozi na chakula, wala hatatazama sura. Dharau ya weupe ndiyo itakayowafungulia mlango! Lakini sisi watazamaji tunamjua Ingram kuwa ni baba mwenye binti, na mume aliyetengana na mkewe.

Mwenzake Slater, aliyeigizwa na Robert Ryan, anamchukia kwa rangi yake. Anakataa kumwachia ufunguo wa gari la kukimbilia, anampa mzee Burke. Polisi wanampiga Burke risasi, na ufunguo unabaki kwake. Slater na Ingram wanageukiana kwa bastola hadi juu ya matangi ya mafuta, ambayo yanalipuka. Maiti zinapookotwa, haijulikani mweupe ni yupi wala mweusi ni yupi.

Wengi huchukua fundisho kutoka mwisho huo. Mimi nalichukua pale mlangoni pa benki. Chuki ya Slater ina kelele, na kila mtu huilaani. Lakini hao wa benki, kwa hesabu za wezi, hawamchukii mhudumu wao. Hawamtazami tu.

Chuoni nilikuwa nikiwaambia walimu wanafunzi kwamba darasa likiwa na watoto 60, kazi ya kwanza ni kujifunza majina 60. Mtoto asiyeitwa kwa jina hujiona hayupo. Nawe, msomaji, jiulize: yule anayekuletea chai ofisini, kesho akija mwingine badala yake, utatambua?