Muuguzi anayehama jimbo Marekani: mshahara, makato na kinachobaki mfukoni

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji wenye ndugu Marekani, na kutoka kwa wauguzi wenyewe: je, ni kweli kwamba muuguzi wa California analipwa karibu mara mbili ya mwenzake wa South Dakota? Na kama ni kweli, kwa nini wapo wanaoihama California kwenda Texas?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili linahitaji kalamu na karatasi.

Makala haya yanahusu muuguzi mwenye leseni kamili, yaani aliyefaulu mtihani wa NCLEX-RN, anayefikiria kutoka jimbo moja kwenda jingine. Mishahara tunayoitumia ni ya Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani (BLS) ya Mei 2023, na kodi ni za mwaka huohuo ili hesabu zilingane. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini mpangilio wa majimbo haujageuka.

Mshahara kabla ya makato

Kwa mujibu wa BLS, wastani wa mshahara wa muuguzi kwa nchi nzima ulikuwa dola 94,480 kwa mwaka. California iliongoza kwa dola 137,690. Hawaii ilifuata kwa 119,710, kisha Oregon 113,440, Washington 111,030 (hapa tunazungumzia jimbo la pwani ya magharibi lenye Seattle, si mji mkuu) na Alaska 109,210. Texas, yenye Wakenya wengi maeneo ya Dallas na Houston, ilikuwa na wastani wa dola 90,210. South Dakota ilikuwa mkiani kwa dola 69,030.

Msomaji aelewe kwamba wastani huu unamchanganya muuguzi wa miaka 20 kazini na aliyeanza jana. Katika hospitali zenye chama cha wafanyakazi, ambazo California ni nyingi, mshahara hupanda kwa ngazi kufuatana na miaka ya kazi. Muulize mwajiri, kwa maandishi, kama miaka uliyofanya Nairobi, Mwanza au Kampala itahesabiwa. Kuna wanaoihesabu yote, kuna wanaohesabu nusu, na kuna wanaokuanzisha chini kabisa. Tofauti hiyo peke yake yaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya jimbo na jimbo.

Baada ya makato

Kila jimbo muuguzi hukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu, pamoja na asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee. Juu ya hapo majimbo mengi yana kodi yao. Texas, Washington, South Dakota, Florida, Tennessee, Nevada, Alaska, Wyoming na New Hampshire hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. California hutoza kwa ngazi, na pia hukata mchango wa bima ya ulemavu wa muda. Massachusetts hutoza asilimia 5. Minnesota huanza na asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85.

Tumemkokotolea muuguzi asiye na mwenzi wala mtegemezi wa kuandikisha kwenye fomu ya kodi, anayelipwa wastani wa jimbo lake, kwa kodi za 2023. Kwa mwezi anabakiwa na takriban:

California: dola 7,830
Washington: dola 7,040
Texas: dola 5,930
South Dakota: dola 4,690

Hapa bima ya afya ya kazini na akiba ya uzeeni bado hazijakatwa, kwa sababu hizo hutegemea mwajiri.

Tazama Washington. Kabla ya kodi, California iliizidi kwa zaidi ya dola 26,000 kwa mwaka. Baada ya kodi pengo limeshuka hadi kama dola 9,500. Kwa maoni yetu hili ndilo jimbo ambalo wengi hulisahau wanapobishana California na Texas.

Hata hivyo jimbo lisilotoza kodi ya mapato hutafuta fedha mahali pengine. Texas ina kodi ya nyumba iliyo miongoni mwa zile za juu nchini, na anayekodi nyumba huilipa bila kuiona, ndani ya pango. California, tangu kura ya mwaka 1978, hupunguza kodi hiyo kwa kiwango cha msingi cha asilimia 1 ya thamani ya nyumba wakati wa kununua. South Dakota hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 4.2 hata kwenye unga na maziwa, ilhali Texas na California huviachia vyakula vya kupika nyumbani.

Gharama za maisha, na kosa la hesabu linalorudiwa sana

Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi (BEA) hutoa kipimo cha bei kwa kila jimbo, wastani wa nchi ukiwa 100. Kwa mwaka 2023 California ilikuwa juu kuliko zote, 112.6, na Arkansas chini kuliko zote, 86.5. Texas ilikuwa karibu 97.

Ukigawanya mshahara baada ya kodi kwa kipimo hiki, California bado inaongoza. Wanaosema kwamba bei za California humeza nyongeza yote hawajafanya hesabu, walau kwa kazi ya uuguzi.

Lakini kipimo hiki kinamfaa zaidi mtu ambaye fedha zake zote huzitumia palepale anapoishi. Wasomaji wetu wengi si hao. Dola inayokwenda Kisii au Arusha kulipa karo, au kumalizia nyumba ya wazazi, haijui bei za San Francisco. Ikiwa imetoka California au South Dakota, mwishoni hubadilishwa kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo anayetuma nyumbani asiangalie mshahara, wala mshahara uliorekebishwa kwa bei. Aangalie dola ngapi halisi zinabaki baada ya kuishi. Na hapo aina ya familia ina uzito kuliko jina la jimbo.

Tutoe mifano miwili. Gharama za maisha zilizomo ni za kukadiria tu, wewe weka za mtaa unaoulenga.

Wa kwanza ni muuguzi aliye peke yake, anayekodi chumba katika nyumba ya kushirikiana. Sacramento tumpe pango la dola 1,300, na chakula, gari, bima na simu dola 1,500. Anabakiwa na kama dola 5,030. Houston tumpe pango la 750 na mengineyo 1,300, anabakiwa na 3,880. California inamwachia dola 1,150 zaidi kila mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 129 za Kenya kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh148,000. Mtu huyu hana sababu ya kihesabu ya kuikimbia California.

Wa pili ana mwenzi anayesoma na watoto wawili wadogo. Kodi yake ni nafuu kwa sababu wanawasilisha hesabu pamoja na wana nafuu ya watoto, hivyo mapato baada ya kodi ni kama dola 9,250 California na 6,690 Texas. Sasa anahitaji nyumba ya vyumba vitatu vya kulala: tuseme dola 3,600 kule na 1,900 huku. Malezi ya watoto mchana: 3,400 kule na 2,000 huku. Mengineyo: 2,200 na 2,000. California anabakiwa na dola 50. Texas anabakiwa na karibu 790.

Jimbo ni lilelile na mshahara ni uleule. Kilichogeuza jibu ni vyumba vya kulala na malezi ya watoto. Ndiyo maana ushauri wa shemeji aliyehamia Dallas na akafurahi hauna maana kwa mdogo wake ambaye hajaoa. Watoto wakianza shule ya umma, ambayo ni bure, sehemu kubwa ya gharama ya malezi huondoka na hesabu hurudi kuegemea California tena, ila pango linabaki.

Kazi yenyewe

Mshahara ni bei ya kazi, na kazi si sawa kila mahali. Sheria ya California ya 1999, iliyoanza kutekelezwa 2004, inaweka idadi ya juu ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja: wawili katika chumba cha uangalizi mahututi, watano katika wodi ya kawaida. Oregon ilipitisha sheria yake ya namna hii mwaka 2023. Texas haina idadi iliyowekwa kisheria, hospitali hupanga kupitia kamati zake. Anayechukua zamu za ziada kila wiki atafute kujua hili kabla ya kujua mshahara, maana mgongo nao ni mtaji.

Malipo ya saa za ziada pia hutofautiana. Sheria ya nchi huanza kuhesabu baada ya saa 40 kwa wiki. California huanza baada ya saa 8 kwa siku, isipokuwa pale wafanyakazi walipopiga kura kukubali zamu za saa 12.

Leseni

Majimbo mengi, Texas, Washington na South Dakota zikiwemo, yako katika mkataba wa leseni za wauguzi baina ya majimbo, maarufu kama NLC. Mwenye leseni ya mkataba hufanya kazi katika majimbo yote wanachama. Akihamisha makazi kutoka jimbo mwanachama kwenda jingine lililo mwanachama, kanuni iliyoanza Januari 2, 2024 inamtaka aombe leseni ya jimbo jipya ndani ya siku 60.

California, Oregon, New York, Minnesota, Hawaii na Alaska hazimo. Kwenda huko ni kuomba leseni ya jimbo hilo, na ukishahamishia makazi huko, ile ya mkataba hugeuka kuwa ya jimbo moja. California ni ngumu zaidi kwa waliosoma ng'ambo. Bodi yake hukagua masomo moja baada ya jingine, na wengi wamekwama kwa sababu nadharia na mazoezi ya wodini ya somo moja hayakufanyika katika kipindi kimoja. Usitoe taarifa ya kuacha kazi wala usilipe amana ya nyumba kabla leseni haijatoka.

Mkataba wa ajira na kutuma fedha

Aliyeletwa Marekani na wakala wa ajira mara nyingi amesaini miaka miwili au mitatu, na kuna kifungu cha fidia akiondoka mapema. Fidia hiyo iingizwe kwenye hesabu kama gharama ya kuhama. Ukiwa unapata dola 1,150 zaidi kwa mwezi huku unadaiwa 15,000, itachukua miezi 13 kabla hujapata senti ya faida. Mwonyeshe mwanasheria karatasi hiyo kwanza, kwani si kila kifungu kilichoandikwa hukubalika mahakamani.

Kuhusu kutuma fedha, sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeweka kodi ya asilimia 1 kuanzia Januari 1, 2026 kwa anayetuma nje ya nchi kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hawala ya posta. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa huko, hatozwi. Kodi hii ni ya nchi nzima, hivyo kuhama jimbo hakuikwepi, ila kuacha kupanga foleni dukani na noti mkononi kunaikwepa.