Elimu ya Muziki na Haki ya Mwanamuziki: Mfano wa Los Angeles

Mwaka 1929 kilifunguliwa mjini Los Angeles, Marekani, chuo cha umma cha miaka miwili kiitwacho Los Angeles City College. Vyuo vya aina hiyo viliwekwa kwa ajili ya wakaaji wa mahali, hata wasio na mali. Sheria ya mwaka 1944, iliyowalipia masomo askari waliorudi kutoka vitani, iliwafungulia wengi zaidi milango.

Miongoni mwa waliosomea hapo ni Charles Mingus, mpiga besi. Eric Dolphy, mpuliza saksafoni. Na Jerry Goldsmith, mtunzi wa muziki wa sinema. Nadharia ya muziki haikuwabagua kwa rangi. Soko, kinyume chake, liliwabagua. Wanamuziki wa mji huo walikuwa na vyama viwili vya wafanyakazi: Local 47 cha Wazungu na Local 767 cha Weusi. Kazi zenye malipo mazuri katika studio za sinema ziliwaendea wanachama wa kile cha kwanza. Basi Mweusi aliyezijua noti sawasawa alibaki nje.

Buddy Collette, Mingus na wenzao walidai vyama viunganishwe, navyo viliunganishwa mwaka 1953. Mwaka mmoja kabla, Mingus na Max Roach walikuwa wameanzisha Debut Records ili wasitegemee kampuni za wengine.

Ni dhahiri, basi, kwamba somo la biashara si nyongeza tu katika elimu ya muziki: asiyejua mikataba na vyama hunyimwa matunda ya ujuzi wake.